Kundi la Treki Linapogoma: Dalili, Chanzo na Tiba

Rekodi ya kwaya inayoimba na ngoma za Kigogo hujaza skrini haraka. Maiki tatu za muheme, moja ya kayamba na moja ya njuga. Ilimba mbili (marimba ya mkono ya Wagogo), zeze, gitaa la besi, kinanda chenye treki mbili. Kisha sauti ya kwanza hadi ya nne, kila moja maiki mbili, na kiongozi peke yake. Hizo ni treki 20. Ndiyo maana fundi huzikusanya katika makundi: NGOMA, VYOMBO, KWAYA na KIONGOZI, kila kundi na feda yake (kidhibiti cha kiwango cha sauti), yote yakiishia masta (chaneli ya mwisho inayobeba wimbo mzima). Mpango huo ndio mfano wetu humu, uwe unatumia programu ya kurekodi kama FL Studio, Cubase, REAPER, Logic au Pro Tools. Watumiaji wa Audacity wa matoleo ya 3 hawamo: programu hiyo haina njia za makundi, ina kuyeyusha treki kadhaa kuwa moja tu, na ukishayeyusha umeyeyusha.

Neno kundi linabeba mambo matatu tofauti, na mchanganyiko wa mambo hayo huzaa nusu ya lawama tunazosikia. Kuna kundi la njia: sauti za treki zinaungana kweli, zinapita kwenye chaneli moja yenye feda na plagini zake (programu ndogo za kuchakata sauti). Kuna kundi la vidhibiti: feda zimefungwa pamoja ili ukisogeza moja zote zisogee, lakini sauti hazikutani popote kabla ya masta. Na kuna folda ya kupangia, ambayo kazi yake ni kupunguza msongamano wa skrini basi. Kompresa (plagini inayobana sauti kubwa) ukiiweka kwenye folda ya kupangia haitagusa kitu, kwa sababu hakuna sauti inayopita hapo. Kwenye Logic utaulizwa uchague aina ya rundo la treki unapoliunda. Chagua linalojumlisha sauti. Kwenye REAPER folda ni kundi la njia tayari.

Kabla ya kugusa plagini yoyote, fanya jaribio hili. Cheza wimbo mahali penye sauti zote, shusha feda ya kundi moja hadi chini kabisa, sikiliza. Kundi zima linatakiwa kunyamaza, na mengine yaendelee kama kawaida. Rudia kwa makundi yote manne. Mwisho shusha yote manne kwa pamoja: pawe kimya. Chochote kinachobaki kikisikika kina njia ya pembeni.

FEDA YA KUNDI IKO CHINI, SAUTI BADO INASIKIKA

Treki inaingia kwenye kundi na wakati huohuo inaenda masta moja kwa moja. Hili hutokea zaidi pale kundi lilipotengenezwa kwa sendi (nakala ya sauti inayopelekwa chaneli nyingine) badala ya kubadilisha njia ya kutokea. Dalili yake ya kwanza si feda isiyofanya kazi. Ni miksi iliyopanda ghafla siku ulipotengeneza kundi. Sauti ileile ikifika masta mara mbili kwa kiwango kilekile inapanda desibeli 6. Watu wengi hufurahi, wanadhani kundi limeleta unene.

Furaha inaisha ukiweka plagini kwenye kundi. Kama plagini inachelewesha sauti na programu haifidii, nakala mbili zinafika masta kwa nyakati tofauti na kuanza kulana. Kuchelewa kwa sampuli 64 kwenye mradi wa 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde) ni milisekunde 1.33 tu, lakini kunatoboa shimo kwenye 375 Hz, jingine kwenye 1,125 Hz, jingine 1,875 Hz na kuendelea. Sauti ya tatu ya kwaya inageuka kama inaimbwa ndani ya bomba.

Tiba kwenye FL Studio: kwenye miksa, chagua chaneli zote za kwaya, kisha bofya kwa kitufe cha kulia mshale ulio chini ya chaneli ya KWAYA na uchague "Route to this track only". Neno la mwisho, "only", ndilo linalokata waya wa kwenda masta. Ukichagua mstari usio na neno hilo unaongeza njia bila kufuta ile ya zamani. Kwenye REAPER, ukiiburuta treki ndani ya folda njia hubadilika yenyewe. Ukiunganisha kwa sendi inabidi ufungue dirisha la njia la kila treki na uondoe alama ya "Master send". Alt+R hufungua jedwali la njia zote kwa pamoja, na hapo treki yenye njia mbili inaonekana kwa jicho moja. Cubase, Logic na Pro Tools zina kisanduku cha kutokea ambacho kwa kawaida hubadilishwa, hakiongezwi, kwa hiyo huko ukikuta tatizo hili tafuta sendi iliyosahaulika.

UKISHUSHA KWAYA, RIVERBU INABAKI

Treki nane za kwaya zinaenda kundi la KWAYA, na kila moja ina sendi ya kwenda chaneli ya riverbu (mwangwi wa bandia), ambayo inatokea masta. Ukishusha feda ya KWAYA kwa desibeli 8 ili kiongozi asikike, waimbaji wanashuka lakini riverbu yao haishuki. Matokeo yake kwaya haipungui, inarudi nyuma, kama imehamishiwa nje ya kanisa. Ukiishusha yote unabaki na mwangwi wa watu wasiokuwepo.

Sababu: sendi ya treki huchukua sauti kwenye treki, kabla haijafika kwenye kundi. Feda ya kundi iko mbele ya njia. Haijui chochote kuhusu sauti iliyochepuka nyuma yake. Kuweka sendi "baada ya feda" hakusaidii hapa, maana feda inayozungumzwa ni ya treki yenyewe.

Kuna tiba tatu, na zinatofautiana kwa matumizi.

Ya kwanza, ondoa sendi kwenye treki nane na uweke sendi moja kwenye kundi la KWAYA, baada ya feda yake. Ni safi na nyepesi kwa kompyuta, lakini sauti zote nne zinapata kiasi kilekile cha riverbu, na riverbu inalishwa sauti iliyokwisha kubanwa na kompresa ya kundi. Kwa kwaya ya kawaida hii inatosha, nasi tungeanza nayo.

Ya pili, acha sendi za treki kama zilivyo, ila chaneli ya riverbu itokee kwenye kundi la KWAYA, isiende masta. Sasa feda ya kundi inashusha vyote. Unabaki na uhuru wa kuipa sauti ya kwanza riverbu nyingi na besi kidogo. Gharama yake: kompresa ya kundi inabana riverbu pia, na mkia wa mwangwi unavimba kila waimbaji wanaponyamaza. Na riverbu hiyo haiwezi kutumiwa na KIONGOZI, mtengenezee yake.

Ya tatu, tumia feda ya VCA kama programu yako inayo (Pro Tools, Cubase Pro, Logic na REAPER zinayo). VCA haipitishi sauti. Inashusha feda za treki zenyewe, na sendi zilizo baada ya feda zinashuka nazo. Lakini kumbuka, ukishusha treki kwa VCA huku kundi lina kompresa, kompresa inapokea sauti ndogo na inabana kidogo. Tabia ya kwaya inabadilika.

Kama riverbu haishuki hata unaposhusha feda ya treki moja, sendi imewekwa kabla ya feda. Hiyo ni kwa ajili ya kumpelekea mwimbaji sauti ya hedifoni wakati wa kurekodi. Kwenye miksi irudishe baada ya feda.

UKIBONYEZA SOLO, RIVERBU INATOWEKA

Solo ya treki inanyamazisha chaneli nyingine zote, riverbu ikiwamo. Iweke riverbu kwenye hali ya kinga ya solo: Pro Tools ni Ctrl na kubofya kitufe cha solo kwa Windows, Command kwa Mac, kwenye REAPER bofya kitufe cha solo kwa kulia utafute "Solo defeat". Fanya hivyo kwa chaneli zote za riverbu na dilei mara moja mradi unapoanza, usahau.

KUNDI HALITOI SAUTI KABISA

Fuata mita, usifuate masikio. Treki inacheza na mita yake inaruka, lakini mita ya kundi imelala? Waya kati yake umekatika: treki inaelekezwa kwingine, au folda si ya kujumlisha. Mita ya kundi inaruka na masta imelala? Kundi linatokea mahali pasipokuwepo. Hili la pili hupata miradi inayosafiri. Mradi uliofanywa studio yenye saundikadi ya matokeo 8 (matundu ya kutolea sauti), kundi la NGOMA likapelekwa matokeo 3 na 4, ukija kuufungua nyumbani Nkuhungu kwenye saundikadi ya matokeo mawili, NGOMA inapiga kelele kwenye tundu lisilokuwepo. Rudisha njia iende masta.

Kama mita zote zimelala isipokuwa za kundi jingine moja, angalia solo iliyojificha. Treki moja ndani ya folda iliyofungwa ikiwa na solo, mengine yote yananyamaza na huoni kitufe kinachowaka.

TREKI ZOTE ZIKO KIJANI, KUNDI LINAPASUKA

Hapa hesabu inasaidia. Sauti mbili tofauti zenye nguvu sawa zikijumlishwa zinapanda desibeli 3. Nne, 6. Nane, 9. Kumi na sita, 12. Kwa hiyo maiki nane za kwaya zinazofika kilele cha -8 dB kila moja zinaweza kulifikisha kundi juu ya sifuri bila treki yoyote kuwaka nyekundu, hasa kwenye silabi ambayo watu wote wanaitamka kwa pamoja. Ukitaka kukaa kwa amani, treki za kwaya zisizidi kilele cha -18 dB hivi, na kundi libaki karibu na -8.

Je, kuwaka nyekundu kwenye kundi kunaharibu sauti? Inategemea. Programu za leo hukokotoa kwa biti 32 zenye nukta inayoelea au zaidi, na ndani yake sauti inaweza kupita sifuri bila kukatwa. Inakatwa inapotoka: kwenye saundikadi, au kwenye faili la biti 24 au 16. Lakini plagini zilizoundwa kuiga mitambo ya zamani hukwaruza zinapolishwa kupita kiasi, hata kama programu yenyewe haijali.

Shusha feda ya masta kwa desibeli 10, pandisha spika, sikiliza tena. Mkwaruzo ukiisha, ulikuwa kwenye tokeo. Ukibaki, zima plagini za kundi moja baada ya nyingine. Ukibaki hata plagini zote zikiwa zimezimwa, nenda kwenye treki mojamoja: umerekodiwa tangu maiki, na hakuna kundi litakaloutoa.

Kosa la kawaida ni kushusha feda ya kundi kutibu plagini iliyolishwa sana. Feda ya kundi iko baada ya plagini. Plagini inaendelea kukwaruza, sasa kwa sauti ndogo. Weka plagini ya gaini kuwa ya kwanza kabisa kwenye kundi, ishushe -6 au -10, na feda uiache karibu na sifuri.

MVUMO WA UMEME UMEKUA BAADA YA KUUNGANISHA

Mvumo wa 50 Hz na ndugu zake wa 100 na 150 ni uleule katika maiki zote, kwa hiyo haufuati hesabu ya sauti tofauti. Unajumlishwa moja kwa moja: treki nane zenye mvumo sawa zinapandisha mvumo hadi desibeli 18, wakati waimbaji wamepanda 9 tu. Usiosikika kwenye treki moja unasikika kwenye kundi. Jenereta ikiwa inanguruma nyuma ya ukuta ni vivyo hivyo.

Kata chini ya 80 hadi 100 Hz kwa sauti ya kwanza na ya pili. Sauti ya nne usiiguse juu ya 70. Na katika maeneo ambayo kwaya haiimbi, kata vipande vya treki kabisa. Ukimya wa kweli haujumlishwi.

Hapa kuna njia ya kuokoa kompyuta dhaifu. Ikwalaiza (plagini ya kupunguza au kuongeza besi, katikati na juu) ni hesabu ya mstari: ikwalaiza moja kwenye kundi inatoa matokeo yaleyale na ikwalaiza nane zenye mpangilio uleule kwenye treki nane, mradi ikae kabla ya kompresa. Kwa hiyo tenga sauti ya kwanza na ya pili katika kundi dogo ndani ya KWAYA, weka kikata besi kimoja hapo, umetoa plagini tatu bila kupoteza kitu. Kompresa, plagini ya kunenepesha na ya kusahihisha noti haziko hivyo. Nane kwenye treki na moja kwenye kundi ni vitu viwili tofauti kabisa.

MUHEME UKIPIGWA, KILA KITU KINAZAMA

Kompresa ya kundi husikiliza jumla, na kwenye jumla mwenye besi nzito ndiye anayeamua. Muheme mkubwa ukipiga, kompresa inabana, na kayamba na njuga zinashuka nao ingawa hazikukosa lolote. Ukisikiliza kayamba peke yake ndani ya NGOMA utaisikia inapumua.

Kwanza, fungua sehemu ya saidicheni ya kompresa (sauti ambayo kompresa inaisikiliza ili kuamua kubana) na weka kichujio kinachokata chini ya 100 hadi 120 Hz. Kichujio hiki hakikati besi ya ngoma. Kinaizuia kompresa kuisikiliza. Pili, anza na uwiano wa 2:1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 30, rilisi (muda wa kuachia) 100, na shusha kizingiti hadi sindano ioneshe kubana desibeli 2, tatu ikizidi sana. Ataki fupi ya milisekunde 1 au 2 inaua kofi la mkono kwenye ngozi, na muheme usio na kofi ni mlango unaogongwa. Tatu, kama bado, mtoe muheme mkubwa kwenye kompresa: tengeneza kundi dogo la muheme mdogo, kayamba na njuga lenye kompresa yake, kisha kundi hilo na muheme mkubwa viingie NGOMA ambayo haina kompresa.

Dalili ya jirani yake: unapandisha treki moja ndani ya kundi na haipandi, badala yake wenzake wanashuka. Ni kompresa ileile. Uwiano wa treki ndani ya kundi upange kompresa ikiwa imezimwa, uridhike nao, ndipo uiwashe.

SAUTI IMEKUWA NYEMBAMBA BAADA YA KUWEKA PAMOJA

Kila maiki peke yake ni nzuri. Zikiwa kundi, besi imetoweka na katikati pamekuwa na tundu. Chanzo ni fezi (mawimbi ya sauti ileile kufika yakiwa yamepishana na kufutana), nayo inaingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni chumba. Sauti husafiri mita moja kwa takriban milisekunde 2.9. Muheme uliopigwa sentimita 30 kutoka maiki yake na mita 2 kutoka maiki ya sauti ya nne unafika kwenye treki mbili kwa tofauti ya karibu milisekunde 5, na zikikutana zinalana kuanzia takriban 100 Hz, palepale unene wa ngoma ulipo. Katika ukumbi wa bati na kuta tupu hali huwa mbaya zaidi. Bonyeza kitufe cha kugeuza fezi kwenye maiki za sauti ya nne, usikilize huku NGOMA na KWAYA zote zinacheza. Chagua upande wenye besi nyingi. Geuza pia kwenye muheme mmoja dhidi ya mwingine, hasa kama kuna maiki chini ya ngoma inayotazama juu. Wakati wa kurekodi, umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na chanzo chake. Kusogeza treki kwa jicho ili mawimbi yalingane kunasaidia chanzo kimoja na kuharibu kingine, kwa hiyo fanya hivyo kwa ngoma tu kama ni lazima.

Mlango wa pili ni plagini. Ukiinakili NGOMA kwenye kundi la pili lililobanwa sana ili uchanganye chini yake, makundi hayo mawili lazima yafike masta kwa wakati mmoja. Programu yenyewe hufidia kuchelewa kwa plagini, isipokuwa fidia hiyo imezimwa. Kwenye FL Studio angalia menyu ya miksa kwamba fidia ya kiotomatiki imewashwa. Kwenye Ableton Live iko menyu ya Options. Kwenye Cubase hakikisha hukuacha kitufe cha "Constrain Delay Compensation" kimewashwa tangu siku ya kurekodi. Jaribio: zima plagini zote za makundi yote mawili na ugeuze fezi ya kundi la pili. Makundi mawili yenye kiwango sawa yanapaswa kufutana hadi kimya. Yasipofutana, njia hazilingani.

ILIMBA IMEFUBAA, NA WAIMBAJI WAMEPOTOKA

Ilimba ya Kigogo ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, na mwasho ule unaosikika juu ya kila noti umekusudiwa. Plagini ya kuondoa kelele au ya kupunguza "sss" iliyowekwa kwenye kundi zima la VYOMBO inauona mwasho huo kama uchafu na kuufuta. Plagini hizo ziweke kwenye treki inayozihitaji tu. Kama kinanda kinafunika mwasho, punguza kinanda desibeli 2 au 3 kati ya 3 na 6 kHz, usipandishe ilimba.

Kusahihisha noti ni kubaya zaidi. Plagini hizo nyingi husoma sauti moja kwa wakati. Zikipewa kundi lenye sauti nne zinachanganyikiwa na kutetemesha. Ni za treki ya mtu mmoja. Na hata kwenye treki ya mtu mmoja, wimbo wa Kigogo unafuata ngazi inayotokana na msururu wa asili wa sauti: ya tano katika msururu huo iko senti 14 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni) chini ya noti ya kinanda, na ya saba iko senti 31 chini. Plagini iliyowekwa kwenye ngazi ya kawaida ya noti 12 itamvuta kila anayeimba noti hizo juu, mbali na ilimba iliyo mbele yake. Izime. Kinanda na ilimba kuvutana katika wimbo mmoja ni suala la mpangaji wa muziki, na hakuna kundi litakalolimaliza.

MWIMBAJI ANAJISIKIA KWA KUCHELEWA

Treki inayorekodi imewekwa ndani ya kundi lenye limita inayotazama mbele au ikwalaiza ya fezi mstari, plagini ambazo huchelewesha sauti. Sauti yake lazima ipite huko kabla ya kufika hedifoni. Zima plagini za kundi na za masta wakati wa kurekodi, bafa (idadi ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzicheza) iwe 64 au 128. Wakati wa kumiksi ipandishe 512 au 1024. Kama saundikadi ina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kitumie na unyamazishe treki kwenye programu.

KUNDI LIMEPOTEZA UPANDE WA KUSHOTO NA KULIA

Chaneli ya kundi iliundwa mono. Kwenye baadhi ya programu huwezi kuigeuza. Tengeneza mpya ya stirio na uhamishe njia.

FEDA ZINASOGEA ZENYEWE

Ukigusa moja na nyingine zinafuata, umefunga kundi la vidhibiti. Pro Tools: Ctrl+Shift+G (Command kwa Mac) husimamisha makundi yote kwa muda. REAPER: shikilia Shift unaposogeza feda.

Feda ya kundi ikirudi ilipokuwa kila ukicheza, ina otomesheni (mienendo ya feda iliyohifadhiwa) inayosomwa. Ihariri au izime kabla ya kusogeza.

Feda ikitetemeka bila kuguswa, na unatumia kifaa cha feda za kushika, chomoa waya wake wa USB. Kutetemeka kukiisha, ni vumbi. Miezi ya upepo, kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi la Dodoma huingia kwenye njia za feda na kifaa hutuma namba za ovyo ambazo programu huziandika kama otomesheni. Dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, si mafuta ya kulainisha, kisha ifunike kwa kitambaa kila jioni. Kabla ya kuendelea futa otomesheni iliyoandikwa.

STEMU HAZILINGANI NA MIKSI

Umetoa stemu nne (faili moja la sauti kwa kila kundi), NGOMA, VYOMBO, KWAYA na KIONGOZI, ili kuzituma Dar es Salaam kwa fundi wa masta, naye anasema zikikaa pamoja si wimbo uliomtumia mfano.

Chanzo cha kwanza ni plagini za masta. Kompresa iliyokuwa inasikia makundi manne sasa inasikia moja kwa wakati, kwa hiyo inabana tofauti kwa kila stemu. Zima kompresa na limita za masta unapotoa stemu. Cha pili ni riverbu ya pamoja: kama KWAYA na KIONGOZI wanatumia moja, ama haimo kwenye stemu yoyote, ama imetoka nzima kwenye zote mbili na imekuwa maradufu. Itoe kama stemu ya tano. Cha tatu ni saidicheni: gitaa la besi linalopishana na muheme mkubwa litaacha kupisha ikiwa NGOMA imenyamazishwa kabisa wakati VYOMBO vinatolewa. Toa makundi kwa chaguo la stemu la programu badala ya kunyamazisha kwa mkono. Cha nne ni kitufe cha kusawazisha kilele, ambacho hupandisha kila stemu peke yake na kuvuruga uwiano wote. Kizime.

Zote zianzie sekunde ya sifuri ya mradi, hata kama kiongozi anaingia dakika ya pili, na ziishie pamoja baada ya mkia wa riverbu. WAV ya biti 24 na 48 kHz, stirio, wimbo wa dakika 5, ni takriban MB 86 kwa stemu moja. Tano ni kama MB 430. Bando likiwa dogo tumia FLAC, haipotezi kitu. MP3 inapoteza.

Kabla ya kutuma, fungua mradi mtupu, weka stemu zote zikiwa na feda kwenye sifuri, kisha weka faili la miksi iliyotolewa bila plagini za masta na uligeuze fezi. Cheza. Kukiwa kimya, tuma. Ukisikia mabaki ya mkia wa riverbu peke yake, yaliyofifia sana, ni riverbu zinazojibadilisha kidogo kila zinapochezwa, na hazina neno. Ukisikia ngoma au maneno ya wimbo, nyamazisha stemu moja baada ya nyingine: ile ambayo mabaki hayabadiliki sana ukiinyamazisha ndiyo yenye tatizo, rudi kwenye njia zake.